Taa ya Ngazi ya Mzee Darwesh

Kila adhana ya adhuhuri ilipokaribia, Bi Kulthum aliacha alichokuwa akikifanya. Alipunguza moto, akafunika chungu, akajifuta mikono, kisha akaenda kusimama penye swichi ya ngazi. Hapo alimngoja mumewe.

Nyumba yao iko Kiponda, katika Mji Mkongwe. Ni nyumba ndefu na nyembamba. Chini pana ukumbi tu na chumba cha kuwekea vitu. Wenyewe wanaishi juu. Ngazi ni moja, kali, imebanwa na kuta nene za mawe na chokaa, na katikati imepinda. Haina dirisha hata moja. Hata jua likiwa la utosi, ngazini mna kiza.

Ndiyo maana ngazi ile ilifungwa taa moja yenye swichi mbili. Moja iko chini, karibu na mlango. Nyengine iko juu. Ukiingia nyumbani unawasha kwa ya chini, ukifika juu unazima kwa ya juu. Mafundi huziita swichi za tuwei, yaani za njia mbili. Aliyezifunga ni Mzee Darwesh mwenyewe, mume wa Bi Kulthum, siku za ujana wake. Alikuwa fundi umeme, na nyumba nyingi za mtaa ule zilipita mikononi mwake.

Kisha akapata kiharusi.

Mungu alimwachia uhai, lakini mkono wa kulia ulilala, mguu wa kulia ukawa dhaifu, na ulimi ukawa mzito. Alikwenda hospitali, akafanya mazoezi ya viungo bila ya kuchoka. Taratibu akaanza kutembea tena. Mwanawe Azzan akafunga kamba nene pande zote mbili za ngazi, ili baba ashike kwa mkono wa kushoto akishuka, na kwa mkono huo huo akipanda. Msikiti uko karibu, hatua chache kutoka mlangoni. Kwenda kusali na kurudi kwa miguu yake mwenyewe ndiyo ilikuwa furaha kubwa ya Mzee Darwesh.

Tatizo lilikuwa swichi. Mkono mzima ni mmoja, na mkono huo umeshika kamba. Akitaka kubonyeza swichi lazima aachie kamba, na swichi ya juu ilikuwa ukingoni kabisa mwa ngazi. Kwa hiyo Bi Kulthum akawa ndiye mkono wake wa pili. Mumewe akishuka, yeye anawasha. Akirudi, hupiga hodi kutoka chini, na Bi Kulthum anawasha tena.

Hakulalamika. Lakini alikuwa na dada yake aliyeishi shamba, Tunguu, ambaye hakuwa amemtembelea tangu maradhi yaanze. Alikuwa na darsa la wanawake kila Alhamisi, nalo akaliacha. Hata kwenda kununua samaki sokoni Darajani alikwenda mbio na kurudi mbio.

"Mwenzangu, utachoka," jirani yake, Bi Tabia, alimwambia.

"Nikichoka nani atawasha taa?" akajibu Bi Kulthum. Alicheka, lakini Bi Tabia hakucheka.

*

Azzan alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja kubwa Kiwengwa. Huko aliziona taa za vyumbani zinawashwa kwa simu, na nyengine kwa kuambiwa tu kwa mdomo. Aliwafikiria wazazi wake. Siku yake ya mapumziko akapitia madukani Mlandege, akaingia nyumbani na maboksi mawili madogo.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umebeba nini?"

"Swichi janja. Kama ilivyo simu janja. Mama, leo unapumzika. Taa itawaka kwa simu, na baba akitaka ataiambia tu, iwake."

Bi Kulthum aliipokea swichi moja, akaigeuza. Ilikuwa nyeupe, laini kama kioo, haina cha kupandisha wala kushusha. Unaigusa tu. Aliipenda.

Azzan akazima swichi kuu ya nyumba nzima, akazifungua swichi za zamani. Mzee Darwesh alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anatazama. Alinyanyua kidole.

"Azzan... hizo... zote mbili..."

"Ndiyo baba, zote mbili. Moja juu, moja chini, kama zilivyokuwa."

Mzee Darwesh alitikisa kichwa. Alitaka kusema zaidi, ulimi ukagoma. Azzan alikuwa na haraka ya kumaliza ili arudi kazini kesho yake, akaendelea. Alikuwa amefikiria kuwa vilivyotoka ni viwili, na vitakavyoingia viwe viwili.

Umeme uliporudishwa, taa iliwaka kwa simu. Bi Kulthum akapiga makofi.

"Mashallah! Hebu zima. Hebu washa tena."

"Sasa kwa mdomo," alisema Azzan. Akaisogelea simu. "Washa taa."

Taa ikawaka. Akaizima, akaipeleka simu karibu na baba yake. "Haya baba, na wewe sema."

Mzee Darwesh akajikusanya. "Wa... sha... taa."

Simu ilikaa kimya.

"Sema tena baba, kwa nguvu."

"Washa... ta."

Kimya. Azzan akaanza kubonyeza hapa na pale kwenye simu. Mzee Darwesh akaegemea kiti chake, akatazama ukutani.

"Basi," alisema. Neno hilo lilitoka safi, halikukwama.

Bi Kulthum aliliona lile, likamuuma. Watu wa nyumbani walikuwa wameshazoea kumsikiliza mumewe hata neno likitoka nusu. Simu haikuzoea. Akamwambia mwanawe kwa upole, "Iache, mwanangu. Mimi nitaigusa kwa mkono, inatosha."

*

Siku ya pili swichi zikaanza vituko. Mara ya juu inafanya kazi, mara haifanyi. Mara simu inasema swichi haionekani. Ukizima kwa ya chini, ya juu inakufa kabisa, hata kitaa chake kidogo hakiwaki. Bi Kulthum hakuelewa, lakini alidhani labda ndivyo vitu vya kisasa vilivyo, vinataka kuzoewa.

Alasiri moja aliwasha taa kwa juu, mumewe akaanza kushuka. Hatua moja, anapumzika. Hatua nyengine, anapumzika. Akafika kwenye pindo, pale ngazi inapogeuka. Wakati huo huo mlango wa chini ukafunguka.

"Hodi, wenyewe!" Alikuwa Bi Tabia, amekuja na bakuli la uji. Kama tunavyofanya sote, aliingia kutoka juani, akapapasa ukutani, akagusa swichi.

Taa ikazimika.

"Bi Tabia, washa!" alipiga kelele Bi Kulthum.

"Naigusa, haiwaki!"

Bi Kulthum naye akaigusa ya juu. Kitaa chekundu kilimemeta, kikamemeta tena, lakini taa yenyewe haikuwaka. Ngazi ilikuwa nyeusi tititi. Mara akasikia kitu kinaporomoka, kinagonga ngazi moja baada ya nyengine mpaka chini.

Akaiinamia ngazi.

"Darwesh!"

Hakujibiwa.

"Darwesh!"

"Naam," ilijibu sauti kutoka kizani, nzito, ya polepole. "Nimekaa."

Kilichoporomoka kilikuwa kiatu. Mwenye kiatu, taa ilipozimika, alifanya jambo moja la busara. Hakupanda wala hakushuka. Alikaa palepale alipokuwa, akaikumbatia kamba.

Bi Kulthum alishuka kwa mwanga wa tochi ya simu, akakaa ubavuni mwake. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Kesho nnavitoa ukutani hivi vidude vyote," alisema. "Nnavitupa baharini."

Mzee Darwesh akatikisa kichwa. Alivuta pumzi, akayapanga maneno.

"Kitu... ni kizuri," alisema. "Kimefungwa... sivyo."

Chini, Bi Tabia alikuwa bado ameshika bakuli lake, anajilaumu. "Nisamehe sana Mzee Darwesh. Mimi nimegusa tu." Kisha akasema, "Jamani, mwiteni Khairat. Khairat binti Simai. Yeye ndiye aliyenitengenezea umeme wa jikoni. Ana leseni, na hana papara."

*

Khairat alikuja kesho yake asubuhi na mkoba wake wa kazi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amefunga mtandio vizuri na kuvaa viatu vizito vya mpira. Azzan naye alikuwa ameomba ruhusa kazini. Habari ya kiatu ilikuwa imemfikia, na usingizi haukumjia.

"Shikamoo Mzee Darwesh. Shikamoo Bi Kulthum."

"Marahaba."

Hakwenda kwenye swichi moja kwa moja. Alimsogelea mzee, akachutama mbele ya kiti chake.

"Mzee, mimi nnakujua zamani. Hujanijua tu. Kila nikifungua boksi la umeme mtaa huu, nikakuta nyaya zimelazwa pamoja, hazikupishana, kila ncha imefungwa utepe, nnasema huu mkono wa Mzee Darwesh. Nimejifunza kwako bila ya wewe kujua."

Mzee Darwesh alimtazama. Upande mmoja wa mdomo wake ukatabasamu.

"Karibu," alisema.

Khairat akanyanyuka. "Kwanza nnazima swichi kuu, na naomba mtu yeyote asiirudishe mpaka niseme mwenyewe." Akaizima, akabandika utepe juu yake. Kisha akatoa tena testa yake ya kupimia umeme. Kabla ya kuzima alikuwa ameijaribu penye umeme ili ahakikishe nzima. Sasa akaijaribu penye swichi, haikuwaka. Hapo ndipo aliposhika bisibisi.

Azzan alikuwa pembeni. "Mimi pia nilizima swichi kuu," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulifanya vizuri. Wengi hawazimi," alisema Khairat. "Na wazo lako zuri vilevile. Hebu njoo uone nini kimetokea."

Akawaonesha. Bi Kulthum akasogea pia, maana kitu kilichotaka kumuua mume wake alitaka kukielewa.

"Swichi ya zamani ni kama mlango," alieleza Khairat. "Umeme unapita au haupiti. Yenyewe haili chochote. Baina ya hizi mbili, Mzee alipitisha nyaya mbili. Umeme unaondoka chini, unapanda kwa waya mmoja au mwengine, unafika juu, unakwenda kwenye taa. Kwa hivyo kila swichi inaweza kuwasha na kuzima. Ni kazi nzuri, imedumu miaka mingi."

"Na hizi mpya?" aliuliza Bi Kulthum.

"Hizi ndani yake zina kitu kama redio ndogo. Saa zote zinasikiliza, simu inasema nini, mkono unagusa wapi. Ili zisikilize, lazima zile umeme wakati wote, hata taa ikiwa imezimwa. Azzan amezipanga moja nyuma ya nyengine. Ya chini ikizimwa, ya juu inakosa chakula, inazimia. Ikirudishiwa umeme inazinduka, lakini haikumbuki kuwa taa ilikuwa inawaka. Ndiyo jana ikabaki imezimika."

Azzan alishika kichwa. "Kumbe."

"Baba alitaka kukwambia," alisema Bi Kulthum.

"Najua mama." Azzan alimgeukia baba yake. "Baba, nisamehe. Nilikuwa sisikilizi."

Mzee Darwesh alinyanyua mkono wake mzima, akaupunga kama mtu anayefukuza nzi. Yameisha.

"Sasa sikilizeni," aliendelea Khairat. "Taa moja inataka swichi janja moja tu. Hiyo ndiyo mkubwa. Nyengine iwe kitufe cha kawaida cha kumwambia mkubwa: washa, zima. Mkubwa nitamweka hapa juu, penye boksi hili, maana waya wa taa unaanzia hapa. Lakini ana sharti moja. Anataka waya wa moto unaoleta umeme na waya wa nyutro unaourudisha, ndio mduara wa umeme ukamilike. Waya wa moto nitaupata, nitautumia mmoja katika zile nyaya mbili za Mzee. Nyutro hapa sioni. Nyumba za zamani nyutro ilikwenda moja kwa moja kwenye taa, haikushuka penye swichi."

"Itabidi uchimbe ukuta?" aliuliza Bi Kulthum kwa wasiwasi. Kuta za nyumba ile zilikuwa za zamani mno. Ukigonga msumari tu, chokaa inamwagika kama unga.

"Sipendi kuchimba kuta hizi. Nnafikiria."

Mzee Darwesh alikuwa amenyanyua kidole tena. Safari hii watu wote wakanyamaza, wakamtazama. Azzan akaja kukaa karibu yake.

"Nyuma," alisema mzee. "Ya boksi. Ndani... zaidi. Mweusi."

Khairat akarudi kwenye boksi. Akaingiza kidole nyuma kabisa, akamulika kwa tochi. Akavuta polepole. Ukatoka waya mweusi, umekunjwa vizuri, ncha yake imefungwa utepe uliogeuka rangi kwa uzee.

"Mzee! Huu unatoka wapi?"

"Kwenye taa."

"Hujaufunga na kitu huko?"

"Wa akiba," alisema Mzee Darwesh. Alipumzika, akaendelea. "Nilisema... iko siku... mtu atauhitaji."

Khairat alikaa kitako sakafuni na ule waya mkononi. Akaupapasa utepe wake.

"Nimefanya kazi hii muda mrefu," alisema mwishowe. "Nimekuta waliobana waya, nimekuta walioiba waya. Sijakuta aliyeniwekea."

Bi Kulthum alimtazama mumewe. Tangu kiharusi, watu walimwangalia kama mgonjwa. Wanamuuliza amekula, amelala, amekunywa dawa. Leo fundi alimuuliza habari ya kazi, naye akajibu. Alikuwa amekaa wima zaidi kuliko asubuhi.

Hata hivyo Khairat hakuufunga ule waya kwa maneno tu. Aliupima kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Si kwamba sikuamini, Mzee."

"Pima," alisema Mzee Darwesh. "Rangi... inadanganya."

"Umesikia, Azzan? Nyaya za zamani nyutro ilikuwa nyeusi. Za sasa nyutro ni ya buluu, na mweusi unaweza kuwa na moto. Anayefunga kwa kutazama rangi ipo siku atapigwa. Kazi hii mwachieni fundi mwenye leseni. Wewe kazi yako ni simu, nami nitakuhitaji sasa hivi."

*

Waya wa akiba ukaunganishwa na nyutro kule penye taa, ukawa nyutro ya swichi. Katika zile nyaya mbili za zamani, mmoja ukachukua moto na kuupandisha juu. Wa pili ukapewa kazi mpya, kupeleka habari kutoka kitufe cha chini mpaka kwa mkubwa wa juu. Ukuta haukuchimbwa. Kisha Khairat akafunga vitufe viwili vikubwa, vipana, vilaini. Cha juu hakukiacha ukingoni. Alikisogeza, waya ukipita ndani ya mfereji mdogo wa plastiki juu ya chokaa, akakiweka pale mtu anapokuwa bado yuko sebuleni, hajafika kwenye ngazi.

"Hiki unaweza kukibonyeza hata kwa kiwiko, hata kwa bega," alisema.

Lakini hakuwa amemaliza. "Mzee, unataka taa ikusikie kwa mdomo? Twaweza kujaribu tena, tuifundishe."

Mzee Darwesh alikataa kwa kichwa.

"Basi ikuone. Hilo ni rahisi zaidi." Akatoa kidude cheupe, kina jicho dogo la mviringo. "Hiki kinahisi mtu akipita. Akitokea juu, taa inawaka. Akitokea chini, inawaka. Humwombi mtu, humwambii mtu."

Alikibandika juu ya mlango wa sebuleni, mbele ya ngazi. Azzan akakiunganisha na swichi kwa simu yake, Khairat akimwelekeza. Umeme ukarudishwa.

"Haya Mzee, tushuke pamoja."

Mzee Darwesh alisimama. Alipofika mbele ya ngazi tu, taa ikawaka. Bi Kulthum alikuwa ameshanyoosha mkono kwa mazoea, ukabaki hewani. Mzee akashika kamba, akashuka, Khairat mbele yake na Azzan nyuma yake. Hatua, pumzi. Hatua, pumzi. Alipofika kwenye pindo akasimama kupumzika kama kawaida yake.

Taa ikazimika.

"Subhanallah!" alisema Bi Kulthum.

"Msihofu, nimemshika," alisema Khairat.

"Nnapumzika tu," ilisema sauti ya Mzee Darwesh kizani. "Sijafa."

Kicheko kikawashika wote. Bi Kulthum alicheka mpaka akajishika ukutani. Hakukumbuka mara ya mwisho mumewe alipotia mzaha.

"Hili ndilo nililotaka kulijua," alisema Khairat taa ilipowashwa. "Kule mlangoni jicho halimwoni mtu aliye kwenye pindo. Halafu nililiwekea muda wa mtu mwenye haraka. Mzee hana haraka. Taa imfuate yeye, si yeye aifuate taa."

Akalihamisha jicho, akalifunga palepale kwenye pindo, juu, ambapo linaona ngazi ya juu na ya chini. Akarefusha muda. Wakajaribu tena. Mzee Darwesh alipumzika kwenye pindo kwa makusudi, akamtazama Khairat, akasubiri. Taa haikuzimika. Akafika chini, akageuka, akapanda tena bila ya mtu kumwambia.

"Sasa Azzan, zima intaneti," alisema Khairat.

"Kwa nini?"

"Tuone. Taa ya ngazi haifai kutegemea intaneti. Ikikatika, je, mzee akae kizani?"

Azzan akazima. Jicho likaona, taa ikawaka. Vitufe vikabonyezwa, vikafanya kazi. Kilichokufa ni simu tu.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mkono kwanza, simu baadaye. Na neno la siri la kuingilia weka gumu, usiweke jina la mama yako." Azzan akainama, maana ndilo aliloweka. "Jambo la mwisho. Umeme wenyewe ukikatika, hakuna swichi duniani itakayowasha taa." Akachomeka kwenye pindo kitaa kidogo cha betri kinachojichaji chenyewe, ambacho huwaka pale tu umeme unapoondoka. Akazima swichi kuu kuwaonesha. Ngazi ikabaki na mwanga mdogo wa manjano, wa kumtosha mtu kuona anapokanyaga.

Ile swichi ya pili aliyoinunua Azzan ilibaki. "Hii haikuharibika," alisema Khairat. "Kama boksi lina nyutro, itafaa kwa taa ya chumbani. Tutakuja kuiangalia siku nyengine."

Bi Kulthum akawakaribisha chakula. Mzee Darwesh alimweka fundi karibu yake, na katika chakula chote wawili wale walizungumza habari za mabomba, na boriti, na nyumba ipi ina unyevu. Mzee alikuwa akitafuta maneno, fundi akimngojea. Hakummalizia hata moja.

*

Siku za mwanzo Bi Kulthum bado alikwenda kusimama ngazini kila adhana. Mumewe akimkuta pale, anamtazama tu. Siku moja alimwambia, "Kulthum. Chungu chako... kinaungua." Kweli, aliinusa harufu. Akakimbilia jikoni, na nyuma yake taa ikawaka yenyewe, kamba ikalia kidogo kwa kushikwa, hatua zikashuka moja moja. Alisimama na kipawa cha kupakulia mkononi akizisikiliza mpaka mlango wa chini ukafunguka na kufungwa. Tangu siku hiyo hakusimama tena.

Alhamisi akarudi kwenye darsa. Wenzake walimpokea kwa furaha. Kisha, Jumamosi moja, akavaa buibui lake, akamwachia mumewe chakula chini ya kawa, akaenda Tunguu kwa dada yake. Walikaa barazani wakachambua mchele na kuhadithiana tangu asubuhi. Alasiri aliitoa simu, akaangalia kama Azzan alivyomfundisha. Taa ya ngazi: imewaka. Akangoja. Taa ya ngazi: imezimika.

"Ameshashuka," alimwambia dada yake.

"Peke yake?"

"Peke yake," alisema Bi Kulthum, akaurudia mchele wake.

Alirudi nyumbani jua linapungua. Aliita tangu mlangoni, hakuitikiwa. Akapanda, hakuna mtu. Chakula kilikuwa palepale chini ya kawa, hakikuguswa. Akashuka haraka, akatoka nje. Msikitini watu walikuwa wameshatawanyika. Mbona hayupo? Alipokuwa anakata kona, akasikia sauti anayoijua inatoka ndani ya nyumba ya Bi Tabia, mlango ukiwa wazi.

Akachungulia. Khairat alikuwa amesimama kwenye stuli penye ngazi ya Bi Tabia, anamfungia naye taa ya jicho, boksi la zamani la umeme liko wazi mbele yake. Bi Tabia ameshika tochi. Na katikati ya ukumbi, juu ya kiti kilicholetwa kwa ajili yake, alikaa Mzee Darwesh, kidole cha mkono wa kushoto kimenyooka kuelekea ukutani.

"Siyo huo," alikuwa akisema. "Wa... chini yake."

"Huu, Mzee?"

"Huo. Pima kwanza."

Bi Kulthum aliegemea mlango. Alikuwa ametoka nyumbani na maneno ya kumkasirikia mtu, yakampotea njiani.

"Baba Azzan," alisema. "Chakula chako kimepoa. Huji kula?"

Mzee Darwesh aligeuka, akamwona, uso ukachangamka. Kisha akarudisha macho yake ukutani.

"Nnakuja," alisema. "Niko kazini."